Siku tano nikikimbia uani mwa Segovia

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Tanga, na raba zangu bado zina matope ya mto Clamores kwenye mishono. Nimeyaacha makusudi. Mdogo wangu wa kiume anasoma Madrid. Nilipopata likizo nikaenda kumtazama, na katikati ya likizo hiyo nikachomoka siku tano kwenda Segovia, mji mkongwe ulio kama kilomita 90 kaskazini-magharibi ya Madrid. Nilikwenda kukimbia. Sizungumzii mashindano, ni mchakamchaka wangu wa asubuhi, ule ule wa Raskazone, kwetu Tanga, ila safari hii kwenye mabonde ya mito miwili. Haya nimeyaokoteza kwenye daftari na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi.

Kwa asiyeujua, Segovia umekaa juu ya mwamba mrefu mwembamba. Kaskazini, chini kabisa, unapita mto Eresma. Kusini unapita Clamores, mdogo zaidi. Mito hiyo inakutana kwenye ncha ya mwamba, chini ya ngome ya Alcázar. Watalii wengi hukaa juu, wakapiga picha, wakaondoka jioni. Nyumba ya Kiswahili ina baraza na ina ua: barazani ndipo wageni wanapokaribishwa, na uani ndipo maisha yalipo. Segovia ya juu ni baraza. Mimi nilitaka ua.

Jumatano, 16 Oktoba: kufika

Basi linatoka Moncloa, Madrid. Nililipa euro tano na senti, kama elfu kumi na tano zetu, na safari ilichukua saa moja na robo hivi. Treni ya kasi kutoka Chamartín haifiki hata nusu saa, lakini ni ghali zaidi, na stesheni yake, Guiomar, iko nje ya mji mashambani. Ukishuka unasubiri basi lingine la kukuingiza mjini. Basi la Moncloa linakushusha mahali ambapo unatembea dakika chache tu, umefika. Kwa mwenye begi moja, mimi ningechukua basi tena.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikakata kona na mfereji wa Warumi ukanisimamia mbele. Mita 28 kwenda juu pale uwanjani Azoguejo, matao juu ya matao, mawe ya matale yaliyopangwa bila chokaa wala udongo kati yake. Kwetu pwani mawe bila chokaa ni kifusi. Haya yamesimama kiasi cha miaka 1,900, na yalikuwa yakileta maji ya mtoni kutoka milimani, zaidi ya kilomita 15. Nikaweka kiganja kwenye jiwe moja: baridi, limelowa, na kwenye ubavu lina kitobo kama cha kidole gumba. Baadaye nikaelezwa kwamba ndipo koleo za Warumi ziliposhika wakati wa kulinyanyua.

Jina la uwanja huo nalo linachekesha. Azoguejo linatokana na *suq* ya Kiarabu, kwa hiyo tunazungumzia "kisoko" tu. Na Alcázar ni *al-qasr*, kasri letu hilo hilo. Nikajiona sijapotea sana.

Chumba: euro 42 kwa usiku, darini, bila kifungua kinywa. Mama mwenye nyumba aliniona na raba mkononi akauliza kama nimekuja kwenye mashindano. Nikamwambia hapana. Hakuniamini.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nikatoka kutafuta chakula, nikazunguka milango minne. Kila mahali jikoni kumefungwa mpaka saa tatu usiku. Mgeni, lijue hili: chakula cha mchana hapa kinaanza saa nane, cha usiku saa tatu, na katikati utashindia kahawa. Nikanunua mkate, jibini na zeituni dukani nikala kitandani.

Alhamisi, 17 Oktoba: Eresma

Niliamka saa kumi na moja kama nyumbani. Kosa. Oktoba huku jua linachomoza karibu na saa mbili na nusu. Saa moja kamili bado ni giza la kuogopesha na baridi inauma masikio. Nikakaa dirishani na mtandio kichwani, nikiwatazama wafagiaji, mpaka kukapambazuka.

Nikateremka kutoka Azoguejo hadi mtaa wa San Lorenzo. Ndani ya dakika tano utalii umekwisha: kanisa la kale la matofali, nyumba zenye mbao zilizochomoza ukutani, bibi mmoja anakung'uta mkeka, harufu ya mkate. Hapo unaanza kusikia maji. Njia inafuata Eresma chini ya mipopla mirefu, majani ya njano yamelala chini yamelowa hadi mguu hausikiki. Watu wa hapa wanaiita Alameda, na ina msemo wake kwamba kutoka bustanini hadi Parral ni pepo ya duniani. Parral ni monasteri ya karne ya 15, ng'ambo ya mto, na watawa wamo mpaka leo. Kengele ilipigwa nikiwa darajani.

Pepo, lakini pumzi sina. Tanga ni usawa wa bahari. Segovia ni kama mita 1,000 juu. Kilomita ya pili mapafu yakaanza kunidai. Na hapo hapo ndipo mzee mmoja mwenye kofia bapa na mbwa wa rangi ya kahawia aliponiona, akasimama kando, akapunga fimbo na kupiga kelele: "¡Kenia! ¡Kenia! ¡Vamos!"

Wenzangu, mimi ni mwalimu wa miaka arobaini na moja. Nimevaa suruali pana ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu na mtandio, nakimbia kilomita moja kwa dakika nane. Lakini mzee ameshaniona bingwa. Nikaona aibu kumvunjia heshima, nikaongeza mwendo mpaka kwenye kona. Nilipopotea machoni pake nikashika magoti.

Kwenye kona hiyo palikuwa na jambo la kuniponya: Casa de Moneda, kiwanda cha kufua fedha, kimekaa juu ya maji yenyewe. Mfalme Felipe II alikianzisha 1583, na mitambo yake ilitoka Tirol. Magurudumu ya mti yalizungushwa na mto, magurudumu yakazungusha silinda za chuma, na fedha ikapita katikati ikatoka na alama. Hapakuwa na nyundo tena. Sarafu zilizotoka hapo ziliitwa *reales*. Bibi yangu alikuwa akisema "reale" kila alipotaja mahari za zamani, na mimi nikidhani ni neno la Kiarabu. Nilisimama pale mvua ikinidondokea, nikitazama maji yakipita kwenye mfereji wa gurudumu, nikimfikiria bibi.

Mbele zaidi kuna daraja na uwanda wa majani, mtaa wa San Marcos. Ukigeuka hapo ndipo unaiona Alcázar kutoka chini. Kila kitabu cha wageni kinasema inafanana na meli. Mimi mwana wa pwani nilikuwa tayari kubisha, lakini ni kweli: omo limesimama pale mito inapokutana, mnara nyuma kama mlingoti. Jahazi lililokwama juu ya jabali.

Nikapanda mlima mfupi mkali hadi kanisa la Vera Cruz, lililowekwa wakfu 1208. Linasifika kuwa na pande kumi na mbili, nami nikalizunguka mbio nikihesabu. Nikafika wa tano, mnara ukaingilia kati. Nikaanza upya kutoka upande wa pili, vyumba vya altare vikaniharibia. Nimekubali kumi na mbili kwa imani. Mlango ulikuwa umefungwa. Juu zaidi kuna kijiji cha Zamarramala, ambako kila Februari, sikukuu ya Mtakatifu Agatha, wanawake hukabidhiwa fimbo ya umeya na wanaume hutii. Mwenye nafasi ya kusafiri Februari anisalimie akina mama hao.

Kurudi mjini ni kupitia lango la Santiago, na ni kupanda tu. Nilitembea. Kilomita sita na nusu kwa jumla.

Mchana: chakula cha bei moja, euro 15, sahani mbili, mkate na kitamutamu. Fahari ya Segovia ni nguruwe mchanga wa kuoka, laini kiasi cha kukatwa kwa ukingo wa sahani, kisha sahani yenyewe hutupwa chini ivunjike. Nililiona hilo kupitia dirishani na watu wakapiga makofi. Mimi niliagiza maharage makubwa ya La Granja. Nikauliza: yana nguruwe? Mhudumu akashangaa kabisa. Hapana, bibi, hayana. Kisha akaongeza kwa upole: ni soseji kidogo tu, na sikio. Nikala samaki wa mtoni na viazi.

Msafiri Mwislamu, usiulize "kuna nguruwe?" Uliza kimoja kimoja: *jamón* (paja la nguruwe), *chorizo* (soseji), *tocino* (mafuta ya nguruwe). Kwao nguruwe ni nyama, hivyo vingine ni viungo. Hata supu ya vitunguu saumu ina vipande vya *jamón* ndani.

Ijumaa, 18 Oktoba: Clamores, na kuanguka

Mvua ilikatika usiku. Nikatoka kwa lango la San Andrés, upande wa uliokuwa mtaa wa Wayahudi, nikashuka ngazi hadi chini bondeni. Clamores si mto wa kutisha. Juu huko mji mpya umeufunika kabisa, unapita chini ya barabara kama bomba, na unaibuka hapa ukiwa kijito. Lakini bonde lake ni korongo hasa: mwamba pande zote, vichaka vimefungana, baridi ya pango. Sikukutana na mtu kwa dakika ishirini. Ukuta wa mji unauona kwa juu, na juu ya ukuta madirisha ya nyuma ya nyumba, nguo zimeanikwa, sufuria zinalia. Uani hasa.

Ng'ambo kuna msitu mdogo wa misonobari, El Pinarillo, na ndani yake makaburi ya Wayahudi wa Segovia, yamechongwa kwenye mwamba. Baadhi ni mashimo ya umbo la mwili, mabega na kichwa, mafupi na marefu. Yalikuwa na maji ya mvua na sindano za misonobari zikielea. Wenyewe walifukuzwa 1492, kwa amri ya Isabella na mumewe Ferdinand. Na Isabella alitangazwa malkia Segovia hii hii, 1474, ng'ambo ya bonde, mahali ambapo ukikaa kwenye makaburi unapaona. Shimo moja lilikuwa dogo sana, la mtoto. Nikasimamisha saa ya mkononi, sikukimbia tena mpaka nilipotoka pale.

Kuteremka ndiko kulikoniponza. Njia ya udongo, mzizi umelowa, mawazo yako kwingine. Mguu wa kulia ukateleza nikakaa chini kwa kishindo, nikaserereka kama mtoto kwenye mchanga, suruali ikachanika gotini na kiganja kikatoka damu. Niliangalia huku na huku kama kuna aliyeniona.

Alikuwepo. Mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi, alikuwa akiokota jozi chini ya mti. Hakusema neno. Akatoa chupa ya maji akaniosha kiganja, akakifunga kwa kitambaa chake, akanishika kiwiko hadi njia nzuri. Kihispania changu ni cha simuni, chake kilikuwa cha mbio, lakini nilielewa kwamba njia ile baada ya mvua hata wenyeji wanaiogopa. Akanijazia mfuko wa jaketi jozi. Nikataka kumrudishia kitambaa, akakataa kwa mkono, vile vile anavyokataa shangazi yangu.

Basi nawe ukienda: Clamores ifuate siku kavu, na uanzie juu kushuka polepole, si kinyume. Raba za lami hazifai. Na usitegemee bomba njiani. Chemchemi nyingi za bondeni zina kibao *no potable*, yaani si ya kunywa.

Jioni hiyo raba zilikaukia juu ya kipasha joto cha chumbani, na chumba kikanuka mto.

Jumamosi, 19 Oktoba: juu, kwa mfalme mvuvi

Mdogo wangu akaja kwa basi la asubuhi. Akaona goti. "Dada, si nilikwambia utaumia." Hakuniambia kitu, lakini wadogo ndivyo walivyo.

Tukapanda basi jingine hadi La Granja, kilomita 11, palipo kasri la majira ya kiangazi la Felipe V. Kasri tulilipita. Nilichokifuata ni Eresma huo huo, huku unakoanzia, kwenye misitu ya Valsaín. Mfalme Carlos III alipenda kuwinda na kuvua, basi karne ya 18 akajengewa njia ya mawe kando ya mto, ili avue bila kulowa viatu. Njia ipo bado. Mabamba ya matale, ngazi hapa na pale, na mto unaopiga kelele ubavuni. Kwa mkimbiaji si njia ya mwendo kasi. Unaruka jiwe hadi jiwe ukitazama miguu. Misonobari huku ni ya ajabu: chini shina la kijivu, juu rangi ya chungwa kana kwamba imepakwa. Ng'ombe wamelala njiani na hawakupishi.

Tulifika mahali panapoitwa Boca del Asno, Mdomo wa Punda, mdogo wangu anahema kuliko mimi. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Tukala mkate na jozi za yule mama.

Ubaya ulikuja kurudi. Ratiba niliyoipiga picha kituoni ilikuwa ya siku za kazi. Tulikaa kituoni zaidi ya saa nzima, kijua kinazama, jasho limegeuka barafu mgongoni. Gari dogo la zamani likapunguza mwendo: mume na mke, wazee, kiti cha nyuma kimejaa vikapu vya uyoga wa rangi ya chungwa. Mke akashuka, akavihamishia mapajani mwake vyote, akatuonyesha tuingie. Hadi Segovia gari zima lilinukia udongo na misonobari. Mdogo wangu akataka kuchangia mafuta. Mzee akacheka tu. Tulipofika akatugawia uyoga kwenye mfuko wa karatasi, bila kujua kwamba chumbani kwangu hakuna jiko. Nikampa mama mwenye nyumba, akaukaanga na kitunguu saumu, tukala watatu jikoni kwake. Ndicho chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula Hispania, na hakikunigharimu senti.

Kwenye ratiba za mabasi tafuta maneno *laborables*, *sábados* na *festivos*: siku za kazi, Jumamosi, sikukuu. Mimi sikuyatafuta.

Jumapili, 20 Oktoba: mzunguko mzima

Asubuhi ya mwisho niliunganisha mabonde yote mawili, kutoka Azoguejo hadi Azoguejo: San Lorenzo, Alameda, San Marcos, chini ya Alcázar, kisha kupanda Clamores (ndiyo, kinyume cha ushauri wangu mwenyewe, lakini njia ilikuwa imekauka). Saa yangu ilisoma kilomita saba na kidogo. Sikuandika mengi kuhusu mbio hizi. Kulikuwa na ukungu juu ya mto, na mji juu ulikuwa umetoweka, umebaki mnara wa kanisa kuu peke yake hewani.

Yule mzee alikuwepo Alameda. Ijumaa na Jumamosi hatukuonana. Leo alikuwa na rafiki yake, na kabla sijafika nikamsikia akianza: "¡Kenia!" Nikasimama safari hii. Nikamwambia Tanzania. Akafikiri. "¡Kilimanjaro!" Nikamwambia hapana, Tanga, baharini, na nikamwonyesha kwa mkono ubapa: chini, chini kabisa. Akamgeukia rafiki yake akamweleza kwa kirefu, kwa heshima kubwa, na katika maelezo hayo nilishika neno moja tu, *campeona*, bingwa.

Akauliza nitarudi lini. Nikasema inshallah. Uso wake ukafunguka: "¡Ojalá!" akasema, neno ambalo wao wenyewe walilirithi kwa Waarabu. "Hasta la próxima," yaani hata siku nyingine. Na *hasta* ni hata yetu, wallahi.

Basi langu lilikuwa saa saba mchana na begi sijafunga. Nikaanza tena mdogomdogo, na yule mbwa wa kahawia akaja nyuma yangu. Mimi na mbwa hatuna mazoea. Nikahamia kushoto, akahamia kushoto, kwa adabu, hatua tatu nyuma. Alinisindikiza hivyo hadi darajani, akakaa kitako, akageuka akarudi kwa mwenyewe.